Mtoto namba B-2930: hotuba ya Jumamosi, kwa ambao hamkufika

Wengi mmeniomba niiweke hapa kwa sababu mvua iliwazuia kufika. Nimeiandika kama nilivyoongea, nimetoa tu zile picha za projekta ambazo hata waliokuwepo hawakuziona vizuri. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za leo. Na nyie wadogo zangu wa kidato cha tano na cha sita mliojaa huko nyuma, mambo vipi? Haya, mmechangamka, basi naanza.

Nitataja namba moja kubwa halafu niachane nayo. Watoto na vijana waliopelekwa Auschwitz, ile kambi ya Wanazi kule Poland, walikuwa kama 232,000, na karibu wote walikuwa Wayahudi. Siku jeshi la Urusi linafika pale, Januari 27, 1945, ndani ya kambi walikutwa watoto na vijana mia saba na kidogo. Basi. Namba ya namna hiyo ukiisikia unatikisa kichwa, unasema jamani dunia, halafu unaendelea na chai yako. Mimi pia niko hivyo hivyo. Kwa hiyo leo nimekuja na mtoto mmoja tu.

Anaitwa Thomas Buergenthal. Kwao walimwita Tommy. Kazaliwa Mei 1934 kwenye mji mdogo wa Ľubochňa, siku hizi ni Slovakia, wakati ule ni Czechoslovakia. Baba yake mtu wa upande wa Poland, mama yake Mjerumani wa Göttingen, wote Wayahudi, na walikuwa na hoteli yao pale. Yaani watu wana biashara, wageni wanakuja, mtoto anakimbia kwenye korido. Kabla hajamaliza miaka mitano hoteli imenyang'anywa na wanamgambo wa pale pale nyumbani, watu ambao bila shaka wengine walishakunywa bia kwenye hoteli hiyo hiyo.

Sasa nawauliza, kambi inaanzia wapi? Mkiniambia inaanza na seng'enge nitawakatalia. Familia ile iliwahi kukaa siku kadhaa kwenye mpaka wa Slovakia na Poland, katikati kabisa, Wapoland wanawaambia rudini mlikotoka, Waslovakia wanawaambia hamrudi huku. Mtoto anasimama shambani hana nchi. Mwisho wakaingia Poland, wakafika Katowice, wakahangaika na makaratasi mpaka viza ya Uingereza ikatoka. Mnajua walikuwa wanaondoka tarehe ngapi? Tarehe 1 Septemba 1939. Mwalimu wa historia hapa ananitazama, anajua. Ndiyo siku Hitler anaivamia Poland. Treni yao ikashambuliwa na ndege njiani, wakashuka, wakatembea na umati wa watu mpaka mji wa Kielce, na ndipo safari ya Uingereza ikaishia hapo.

Hapo hakuna mtu wa kambi bado. Kuna mwanamgambo, kuna afisa wa mpaka, kuna karani wa viza aliyechukua muda wake. Naomba mkumbuke hao watu.

Kielce wakawekwa kwenye geto. Mtaa umefungwa, watu wamebanana, chakula cha kuhesabu, chawa, homa ya typhus. Agosti 1942 Wajerumani wakalifuta lile geto, watu kama 20,000 wakapakiwa kwenye treni kwenda Treblinka, na Treblinka hakukuwa na kazi wala mabanda ya kulala hao watu, walikuwa wanauawa siku hiyo hiyo. Familia ya Tommy ikabaki kwa sababu baba alikuwa anasimamia karakana na Wajerumani walikuwa bado wanawataka mafundi. Wakahamishiwa kambi ya kazi.

Halafu ikaja asubuhi moja ya 1943. Watoto wanatolewa kwa wazazi wao. Tommy ana miaka tisa. Kwao walikuwa wanaishi na watoto wengine wawili ambao wazazi wao walishauawa, wamekuwa ndugu zake, wanalala pamoja. Wale wawili wakachukuliwa. Ilipofika zamu yake, huyu mtoto akamsogelea yule kamanda wa Kijerumani akamwambia kwa Kijerumani safi cha mama yake: Kapteni, mimi naweza kufanya kazi. Kamanda akamwangalia, akasema haya, tutaona. Akamwacha.

Watoto wengine walipelekwa kwenye makaburi ya Wayahudi ya mji ule ule, wakauawa huko.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Ukisimulia kisa hiki mtu anasema duh, dogo alikuwa na akili sana. Ana ujasiri. Mungu humsaidia anayejisaidia. Mimi nawauliza, wale wawili hawakuwa na akili? Kuna aliyekuwa na miaka mitatu, atasema anaweza kazi gani? Na kama kamanda angeamka na hasira siku hiyo? Buergenthal mwenyewe maisha yake yote alikataa kusifiwa kwa hili. Alisema ni bahati. Alirudia bahati, bahati, bahati, mpaka waandishi wa habari walichoka, maana wao walitaka shujaa. Nadhani alikuwa sahihi, na nadhani ilikuwa ni heshima kwa wale ambao hawakupona, kwa sababu ukisema nilipona kwa akili zangu, umeshasema kitu kibaya kuhusu wao hata kama hukukusudia.

Bahati ya pili ni ya kutisha zaidi. Agosti 1944 wakapelekwa Auschwitz, Tommy ana miaka 10. Kawaida pale treni ikifika watu wanachambuliwa hapo hapo, wazee huku, watoto huku, mama mwenye mtoto mkononi huku, moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi. Siku yao hakukuwa na uchambuzi. Kwa nini? Kwa sababu wametoka kambi ya kazi, na SS, wale askari wa Kinazi waliosimamia kambi, walidhani kambi ya kazi haina watoto. Basi. Kosa la ofisini. Mtoto akapita kwa sababu hakuna aliyemtegemea kuwepo.

Wakachorwa namba mkononi, yeye B-2930, baba yake B-2931. Mama akapelekwa upande wa wanawake. Baba na mtoto wakalala kwenye mabanda ambayo siku chache nyuma walikuwemo Waroma, wale ambao watu huwaita Jipsi, na usiku wa Agosti 2 walichukuliwa karibu wote, zaidi ya 4,000, wakauawa kwa gesi. Vitanda vya mbao vilikuwa vyao.

Niwaambie baba yake alifanya nini, maana hili ni la wazazi. Asubuhi wakati wa kuhesabiwa, nyapara wanapiga kelele, watu mistari mistari, yule baba alikuwa anahakikisha mtoto anasimama nyuma, karibu na mlango wa banda. Akiona dalili kwamba leo wanachagua watu, mtoto anarudi ndani kinyumenyume kimya kimya. Kila siku. Hiyo ndiyo kazi ya ubaba iliyokuwa imebaki pale, kujua mlango uko hatua ngapi. Ilipofika Oktoba wakatenganishwa. Baba alifia kambi ya Buchenwald Januari 1945, na mtoto hakujua, aliendelea kuamini wataonana.

(Hapo nilinyamaza kidogo, waliokuwepo wanajua kwa nini, kuna mama mmoja alitoka nje.)

Januari hiyo hiyo Warusi wanakaribia, SS wakawatoa wafungwa Auschwitz kwa miguu kwenye theluji. Siku tatu mpaka mji wa Gliwice. Anayekaa chini anapigwa risasi. Tommy alikuwa na wenzake wawili wa umri wake, wakabuni ujanja, wanakimbia mpaka mbele kabisa ya msafara, halafu wanatembea polepole sana, kama wamesimama, mpaka mkia wa msafara uwafikie, halafu wanakimbia tena mbele. Kukimbia kunawapa joto, kupunguza mwendo kunawapa kupumzika. Fikirieni watoto watatu wa shule ya msingi wanapiga hesabu hiyo. Baada ya hapo wakapakiwa kwenye mabehewa ya wazi, siku zaidi ya kumi, wanakula theluji. Treni ikipita nchi ya Wacheki, watu wa kule walisimama juu ya madaraja wakawa wanawarushia mikate. Hawajui ni nani yuko chini, wanarusha tu na treni inapita. Buergenthal alisema bila ile mikate wasingefika.

Walipofika kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin, vidole vya miguu vilikuwa vimeganda, viwili vikakatwa.

Na hapa, ndugu zangu, anaingia mtu ambaye nataka mrudi naye nyumbani. Odd Nansen. Mnorwe, mfungwa pia, msanifu majengo. Baba yake alikuwa Fridtjof Nansen, yule mvumbuzi wa ncha ya kaskazini aliyekuja kuhudumia wakimbizi baada ya vita ya kwanza na akapata Nobel ya Amani 1922. Wazee wangu, hilo jina mnalijua bila kujua. Ile medali ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, ya watu waliowasaidia wakimbizi, mwaka 1983 alipewa Mwalimu Nyerere. Ndiyo. Ni huyo huyo Nansen, na huyu wa kambini ni mwanawe.

Odd Nansen alimkuta mtoto kwenye banda la wagonjwa, amelala, miguu imefungwa, anatabasamu. Akaanza kumtembelea. Wafungwa wa Norway walikuwa wanapata vifurushi vya Msalaba Mwekundu, Wayahudi hawapati. Basi akawa anamletea chakula, penseli za kuchorea, na wahudumu wa banda lile anawapa tumbaku ili jina la mtoto lisitokee kwenye orodha ya wanaoondolewa. Rushwa! Nimesema rushwa, mkuu wa shule usiniangalie hivyo. Kuna mahali sheria yote imekuwa uhalifu, na tumbaku ya kumhonga nesi ndiyo sheria iliyobaki.

Kitu kingine alichofanya, na ndicho kilichonileta hapa leo. Aliandika. Kila usiku, kwenye vikaratasi vyembamba, maandishi madogo madogo, alichoona siku hiyo. Akaficha zile karatasi ndani ya vibao vya kukatia mkate vilivyochimbwa katikati na kuzibwa tena. Zikatoka salama, zikachapwa Norway baada ya vita, na mtoto Tommy yumo.

Mnaona? Buergenthal yeye aliandika kumbukumbu zake baada ya miaka zaidi ya 60. Na alikiri wazi, kumbukumbu ya mtoto haina kalenda. Mtoto anakumbuka njaa, anakumbuka viatu, anakumbuka sauti ya mbwa, hakumbuki ilikuwa Jumanne au Alhamisi. Watu wanaokanusha yaliyotokea wanaponda hapo hapo, eti huyu alikuwa mtoto, atajuaje. Sasa kwenye kisa hiki mtoto anasema kulikuwa na Mnorwe aliyenisaidia, na kwenye karatasi iliyoandikwa siku ile ile Mnorwe anasema leo nimemwona mtoto. Vitu viwili vimekutana. Mtu wa sheria akiona hivyo anakaa vizuri kwenye kiti.

Aprili 1945 SS wakakimbia na wafungwa wenye nguvu, wagonjwa kama 3,000 wakaachwa, na tarehe 22 wanajeshi wa Kirusi na Kipoland wakaingia. Tommy bado hajafika miaka 11. Wapoland wakamchukua wakamshonea kagwanda ka jeshi, wakatembea naye, baadaye akapelekwa kituo cha yatima cha Wayahudi Otwock karibu na Warsaw. Hapo ndipo alipojifunza kusoma. Wadogo zangu mnaolalamika kuamka saa kumi na moja, dogo amefika miaka 11 hajawahi kukaa darasani.

Na mama? Mama alitoka hai. Alikuwa kambi ya wanawake ya Ravensbrück, akarudi kwao Göttingen, kila mtu anamwambia mama, mtoto wa miaka 10 Auschwitz haponi, acha kuandika barua. Akakataa. Akaendelea kuandika. Kumbe kule Otwock jina la mtoto lilikuwa limeingizwa kwenye orodha ya watoto wa kwenda Palestina, kuna mtu ofisini, sijui jina lake na natamani ningelijua, akaangalia orodha hii na barua za yule mama akaona ni jina moja. Desemba 29, 1946, kituo cha treni Göttingen. Wakaonana. Tommy alikuja kusema kwamba siku ile ndipo alipoweza kuwa mtoto tena, kwa sababu sasa kuna mtu mwingine wa kuhofia maisha yake.

Karani mmoja aliwachelewesha, karani mwingine akawakutanisha. Mnaofanya kazi za ofisi, ndio hivyo.

Sasa chuki. Msidhani alitoka kule malaika. Alisimulia kwamba pale Göttingen alikuwa anasimama kwenye baraza ya ghorofani siku za Jumapili, anawaona Wajerumani wanatembea na watoto wao wamependeza, na anatamani awe na bunduki ya rashasha awamalize. Naipenda sana sehemu hii kwa sababu ni ya kweli. Ilimchukua muda kufika mahali pa kusema kwamba hatia hairithiwi. Muda, sio semina ya siku moja.

1951 akaenda Marekani, akasoma sheria, akawa jaji wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. 1992 Umoja wa Mataifa wakamweka kwenye tume ya ukweli ya El Salvador, watu watatu. Kule kulikuwa na kijiji kinaitwa El Mozote, jeshi liliua watu Desemba 1981, serikali ikakanusha zaidi ya miaka kumi, na mwanamke mmoja aliyenusurika akaitwa mwongo. Wataalamu wakafukua jengo moja tu pembeni ya kanisa. Mabaki ya watu 143. Kati yao 131 walikuwa watoto chini ya miaka 12. Niambieni, mtoto aliyesimama kwenye mstari Kielce akisoma ripoti ile kama kamishna, anasoma nini?

Mwaka 2000 akaenda The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Najua kuna mtu ananisubiri kwenye Palestina, kwa hiyo niseme mwenyewe. Julai 2004 mahakama ilitoa maoni kwamba ukuta wa Israel kwenye ardhi ya Wapalestina unavunja sheria, majaji 14 wakaunga mkono, mmoja akapinga, na huyo mmoja ni yeye. Aliandika kwamba hakupinga kwa kuona ukuta hauna matatizo ya kisheria, hoja yake ilikuwa kwamba mahakama haikuwa na ushahidi wa kutosha mezani. Mimi sikubaliani naye hapo, naona ushahidi ulikuwepo wa kutosha. Lakini oneni anapobishania, ni pale pale, ushahidi.

Na mwaka uliofuata, Desemba 2005, alikuwa mmoja wa majaji 17 kwenye kesi ya Congo dhidi ya Uganda. Hii ni yetu. Kwenye jopo lile alikuwepo pia Mtanzania, Jaji James Kateka, aliyeteuliwa na Uganda na akatoa maoni ya kupinga. Mahakama ikasema Uganda iliikalia Ituri, mashariki mwa Congo, kwa nguvu, jeshi lake liliua, likatesa, likachoma vijiji, likafundisha watoto uaskari. Watoto, tena. Na ushahidi mkubwa ulitoka wapi? Kwenye tume ya Uganda yenyewe, tume ya Jaji Porter, ambapo watu waliapa wakahojiwa na yakaandikwa.

Lakini subirini. Fidia imekuja kuamuliwa Februari 2022, yeye alishastaafu. Congo ilidai zaidi ya dola bilioni 11, ikapewa milioni 325. Ilisema waliokufa ni 180,000, mahakama ikasema karatasi hazionyeshi hivyo, kwa Ituri tunakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Kati ya! Hapo katikati kuna watu 5,000 ambao mahakama haiwezi kusema walikuwepo au hawakuwepo. Hakuna majina, hakuna vyeti vya kifo, hakuna aliyekuwa na kibao cha mkate.

Buergenthal alifariki Mei 2023 Miami, ana miaka 89, namba bado iko mkononi.

Sasa ninachoomba. Humu ndani wapo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wapo ambao wazazi wao walivuka ziwa usiku kutoka Fizi na Uvira kule Congo, wengine kutoka Burundi wakati wa 1972. Bibi zenu wana umri mkubwa. Madaftari yapo pale mezani, bure, mwalimu wa Kiswahili atawaonyesha namna ya kuuliza bila kumuumiza mtu. Andikeni tarehe ya siku mliyoandika na jina la aliyesema, na akisema hakumbuki mwaka andikeni hivyo hivyo, hakumbuki. Msimsahihishe.

Haya, maswali. Nimeona mkono kule nyuma, dada mwenye sweta la kijani, anza wewe.